Kisanduku cha dukani au mfuko wa kujipangia? Ulinganisho wa huduma ya kwanza ya kambini

Kisanduku changu cha kwanza kilikuwa kizuri kukitazama. Chekundu, chenye msalaba mweupe, na juu yake kimeandikwa kwa majivuno kwamba kina vitu 120. Usiku wa kwanza kambini mwenzangu alikuwa anakata kamba ya hema, kisu kikateleza na kumchana kiganja, chini kidogo ya kidole gumba. Nikafungua zipu, taa ya kichwani inayumba, nikaanza kutoa: plasta, plasta, vitambaa vya spiriti, plasta za mviringo zenye ukubwa wa kifungo cha shati, pini, kijitabu cha maelekezo kwa lugha sita. Shashi ilikuwepo, vipande viwili, kila kimoja hakizidi stempu kwa ukubwa. Mkasi wake ulishindwa kukata hata utepe. Kazi tuliimaliza kwa leso safi na soksi.

Asubuhi nilihesabu. Katika vile vitu 120, zaidi ya sabini vilikuwa plasta ndogo na vitambaa vya spiriti.

Ningeweza kuishia hapo na kukwambia usinunue. Lakini miaka iliyofuata nimejipangia mfuko mwenyewe, na mfuko huo nao umeniaibisha kwa namna yake. Kwa hiyo tuviweke vyote viwili kando kwa kando.

Kila kimoja kinakupa nini

Kisanduku cha dukani kinakupa muda. Mtu mwingine ameshakaa akafikiria, akakusanya, akafunga kila kitu ndani ya karatasi yake safi, akakipangia nafasi. Ukiwa unaondoka kesho alfajiri na hujawahi kupiga kambi, hilo si jambo dogo. Tena kinakupa kiasi kidogo kidogo cha kila kitu, ilhali ukijinunulia mwenyewe mara nyingi unalazimika kuchukua pakiti nzima ya vipande hamsini wakati ulihitaji sita.

Ubaya wake ni kwamba kimetengenezwa kwa ajili ya kila mtu. Aliyekijaza alikuwa anafikiria jikoni, ofisini, ndani ya gari. Mahali ambapo bomba la maji liko hatua kumi na daktari yuko barabara ya pili. Historia ya vitu hivi inachekesha kidogo ukiifikiria: kampuni ya Johnson & Johnson ilipoanza kuuza masanduku ya huduma ya kwanza mwaka 1888, ilikuwa ni kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, watu walioumia mbali na daktari na kwa namna zilizojulikana. Yaani sanduku lilianza likiwa na kazi maalumu. Baadaye ndipo likawa la wote.

Mfuko wa kujipangia unarudisha ile kazi maalumu. Unajua nani anakwenda, ana miaka mingapi, ana pumu au hana, mtatembea au mtalala karibu na gari. Na zaidi ya yote, mkono wako ndio uliokiweka kila kitu mahali pake. Ubaya wake? Unakula jioni nzima. Unasahau vitu vya kijinga. Mimi mfuko wangu wa kwanza ulikuwa na kila aina ya bendeji na haukuwa na glavu hata moja. Na ukishaanza kuogopa, unabeba duka zima la dawa.

Kwa haraka haraka, tofauti ziko hivi:

| | Kisanduku cha dukani | Mfuko wa kujipangia |
|---|---|---|
| Muda wa kuandaa | Dakika chache | Jioni nzima, mara ya kwanza |
| Plasta ndogo | Nyingi kupita kiasi | Kumi, kumi na tano, basi |
| Shashi na bendeji pana | Haba | Kadiri utakavyo |
| Dawa za kumeza | Mara nyingi hakuna | Zile mnazozijua |
| Mkasi na kibano | Vya kuonyesha | Vya kufanyia kazi |
| Kosa la kawaida | Kukiamini bila kukifungua | Kubeba kupita kiasi |

Safu moja ya jedwali hili haina uzito sawa na nyingine, kwa hiyo acha nikae kidogo kwenye zile zinazoamua.

Damu na kidonda

Hapa ndipo kisanduku cha dukani kinapoanguka vibaya zaidi. Kidonda kinachovuja damu kinataka kitu cha kukandamizia, na kitu hicho ni shashi nene au pedi, si plasta. Unakandamiza kwa nguvu, bila kuchungulia kila sekunde kama damu imekata, kisha unafunga kwa bendeji. Vipande vya shashi vya sentimita 10 kwa 10, kumi hivi, pamoja na bendeji mbili za kuvutika na pedi moja kubwa ya kidonda: hayo yanabeba karibu majeraha yote ya kisu, shoka dogo na jiwe. Kwenye kisanduku cha kawaida utapata robo yake.

Kisha kuna suala la kusafisha. Visanduku vingi vinakupa vitambaa vya spiriti, na watu wengi wanaamini kwamba dawa inayochoma ndiyo inayofanya kazi. Spiriti ni nzuri kwa kusafisha kibano na ngozi isiyo na jeraha. Ndani ya kidonda inaumiza nyama yenyewe, na haitoi mchanga ulioingia. Kinachotoa mchanga ni maji mengi yanayosukumwa. Maji safi ya kunywa yanatosha kabisa. Kwenye mfuko wangu kuna bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake; unavuta maji, unayarusha kwenye kidonda, unarudia mpaka hakuna kinachotoka. Kama huna, jaza maji kwenye mfuko wa plastiki, utoboe tundu dogo pembeni, ukamue. Sijawahi kuona bomba la sindano kwenye kisanduku nilichonunua, na ni kitu chepesi kuliko karibu kila kilichomo.

Iodini ya kupaka inakubalika pembezoni mwa kidonda, ila uliza kwanza kama yupo mwenye mzio nayo, mjamzito au mwenye matatizo ya tezi la shingo.

Vipande vyembamba vya kunatisha kingo za kidonda vinapatikana kwenye visanduku vizuri, na ni vya thamani kwa mkato safi ulionyooka. Lakini usizibe kidonda kichafu, wala kilichotokana na meno ya mnyama. Kioshe, kifunike, na safari ya kwenda kwa daktari ianze. Akiwa ni mnyama aliyeuma, safari hiyo haisubiri kambi iishe, kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Siku hizi visanduku vinavyojiita vya porini vinakuja na mkanda wa kukaza mguu au mkono ili kuzuia damu kabisa. Kama umefunzwa kuutumia, ubebe. Unafungwa sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungo, na saa uliyoufunga unaiandika. Kama hujafunzwa, hiyo nafasi ijaze shashi, halafu tafuta mafunzo.

Miguu, ambayo hakuna anayeifikiria

Watu wakiwazia huduma ya kwanza wanaona nyoka. Kambini, kitakachokurudisha nyumbani mapema ni kisigino. Kiatu kipya, soksi iliyoloa, na kufikia saa sita mchana lengelenge limeshavimba kama punje ya zabibu.

Hapa ulinganisho ni wa vitu vitatu. Plasta ya kawaida, ambayo kisanduku cha dukani kinakupa kwa wingi, ndiyo dhaifu kuliko zote: jasho linaitoa, inajikunja, inakuwa ni kitu cha pili cha kukukwaruza. Utepe wa karatasi wa kitabibu, ule mweupe mwepesi unaochanika kwa mkono, ni wa kuzuia. Unaubandika mahali panapojulikana kuuma kabla hujavaa soksi. Ulipojaribiwa kwa wakimbiaji wa mbio ndefu za siku nyingi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, malengelenge yalipungua kwa asilimia 40. Na kuna plasta nene zenye ute, zile laini kama jeli, ambazo ni za kutibu lengelenge lililokwisha kutokea: zinakaa siku kadhaa, zinapunguza maumivu karibu mara moja. Kasoro yake ni kwamba ukizibandua kabla ya wakati zinaweza kuondoka na ngozi, na hazifai pale penye usaha.

Nikilazimishwa kuchagua kimoja kati ya hivyo vitatu, nachukua utepe. Hauna kazi moja tu. Unashikilia shashi, unafunga kidole kilichoteguka kwenye jirani yake, unaandikwa saa na kipimo cha dawa, na mara moja ulishika nguzo ya hema langu mpaka asubuhi.

Kifundo cha mguu kikiteguka, bendeji ya kuvutika ya upana wa sentimita 8 hadi 10 inafanya kazi, na kisanduku cha dukani kwa kawaida huwa nayo moja. Kitambaa cha pembetatu nacho huwemo, na watu hukitupa kwa kutojua matumizi yake. Usikitupe. Daktari wa upasuaji Mjerumani, Friedrich von Esmarch, aliyefariki mwaka 1908, ndiye aliyekieneza, na vitambaa vyake vilichapwa michoro inayoonyesha namna ya kuvifunga ili hata asiyejua kusoma aweze. Kinabeba mkono uliovunjika, kinafunga kichwa, kinashikilia kijiti kilichowekwa kando ya mfupa. Katika hili kisanduku kinanishinda: mimi nilikuwa sikibebi mpaka nilipokikuta kwenye cha mwenzangu.

Dawa za kumeza

Visanduku vingi havina dawa za kumeza kabisa, kwa kuwa sheria za dawa hutofautiana nchi hadi nchi na mtengenezaji anataka kuuza kote. Wanaonunua hawalijui hilo mpaka kichwa kianze kuuma. Kwa hiyo hata ukinunua, sehemu hii utajipangia tu.

Parasetamoli ni ya lazima. Mtu mzima hazidishi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kati ya dozi na dozi saa nne zipite. Ibuprofeni ni nzuri zaidi kwa kifundo kilichovimba, miligramu 200 hadi 400, baada ya chakula, isizidi 1,200 kwa siku bila ushauri wa daktari. Lakini si ya mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito, na ni hatari kwa aliyekaukiwa maji mwilini, jambo ambalo juani baada ya kutembea kutwa ni la kawaida. Kati ya hizo mbili, kama nafasi ni ya moja, beba parasetamoli. Aspirini usimpe aliye chini ya miaka 16. Kama mnakwenda na watoto, dawa yao iwe ya maji, na kipimio chake kiwe nayo. Kukisia nusu ya kidonge cha mtu mzima gizani si kipimo.

Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mwilini anayehara, ni nyepesi mno kiasi kwamba sioni sababu ya kuziacha. Soma pakiti yenyewe, kwani nyingine ni za lita moja na nyingine za mililita 200. Zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, vitakuvusha. Dawa ya kufunga tumbo inasaidia mtu mzima aliye na safari ndefu ya basi mbele yake. Haimfai mwenye homa kali au anayehara damu, wala mtoto mdogo.

Kidonge cha mzio kisichosinzisha, kama setirizini, kinatosha kwa vipele na muwasho wa wadudu. Mwenye mzio mkali anayetumia kalamu ya adrenalini (sindano ya dharura ya mzio) aje nayo mwenyewe, mbili kama anazo, na wenzake waonyeshwe inavyotumika kabla ya moto wa kwanza kuwashwa. Hali kadhalika mwenye pumu na dawa yake ya kuvuta.

Kosa langu mimi lilikuwa hapa. Ili kuokoa nafasi, nilitoa vidonge kwenye maboksi nikavitia vyote kwenye mfuko mmoja mdogo wenye zipu. Usiku wa tatu nilikuwa na vipande vya kanda za vidonge vilivyokatwa katikati ya jina, nisijue kipi ni cha maumivu na kipi cha tumbo. Kata boksi kama lazima, lakini ukanda wa vidonge ubaki na jina, nguvu yake na tarehe ya mwisho. Kisanduku cha dukani kikikuletea dawa, angalau hakikufanyii ujinga huo.

Moto, kupe, nyoka

Kwa kuungua, hakuna kilicho ndani ya kisanduku kinachoshinda maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mafuta, dawa ya meno na barafu viache. Jeli za kuungua zinazopamba visanduku vya bei ya juu ni za pale ambapo maji hayapo. Baada ya maji, funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula, uiweke bila kuizungusha ikabana.

Kupe anataka kibano chenye ncha nyembamba: mshike karibu kabisa na ngozi, mvute wima bila kupindisha. Vibano vya dukani vina ncha butu kama vidole, vinamponda. Nunua kimoja kizuri, kitatoa na miiba.

Kuhusu nyoka nitasema kwa ufupi: vile vikombe vya kufyonza sumu vinavyouzwa peke yake au ndani ya baadhi ya visanduku havifanyi kazi. Ukikikuta, kitoe, kikupunguzie uzito. Aliyeumwa hatembezwi ikiwezekana, pete na saa zinavuliwa, kiungo kinatulizwa kisichezecheze, na anapelekwa hospitali. Hakuna kukata, kunyonya wala kufunga kamba.

Chombo chenyewe

Boksi gumu la plastiki linapendeza kwenye gari na ni rahisi kulipanga. Mgongoni ni adha. Pembe zake zinakuchoma, na nusu ya nafasi yake ni hewa. Mfuko laini unaofunguka kama kitabu, wenye mifuko midogo ya kuona ndani, ni bora kwa karibu kila mtu. Tatizo lake ni maji, na dawa yake ni mfuko wa plastiki wenye zipu ndani yake. Rangi iwe ya kung'aa. Nyeusi ya kijeshi inavutia dukani, halafu unaipapasa usiku mzima.

Na chombo chochote kile, usikiache ndani ya gari lililofungwa juani. Vidonge vingi vimeandikwa visihifadhiwe juu ya nyuzi joto 25 au 30, na gundi ya plasta ikishapata joto hilo mara kadhaa haishiki tena.

Basi uchague kipi

Kama ni safari yako ya kwanza, watu wawili, usiku mmoja, gari liko kando ya hema: nunua kisanduku kidogo, tena kile cha vitu vichache. Usihadaike na idadi. Kifungue siku hiyo hiyo, toa nusu ya plasta, ongeza shashi, utepe wa karatasi, glavu jozi mbili za nitrili (za mpira wa kawaida huleta mzio kwa baadhi ya watu), kibano, parasetamoli na ORS. Hapo unacho kitu cha maana kwa kazi ya nusu saa.

Kama mnatembea na mizigo mgongoni, siku mbili tatu mbali na barabara, jipangie. Sioni namna kisanduku cha jumla kitakavyokufaa huko, na uzito wa vitu usivyovihitaji utaulipa kwa kila kilima. Ongeza blanketi la karatasi inayong'aa, filimbi, penseli na karatasi ya kuandikia hali ya mgonjwa, pamoja na namba za dharura za mahali mnapokwenda. 112 inafanya kazi katika nchi nyingi, lakini hakikisha kabla ya kuondoka.

Familia yenye watoto iko katikati. Mimi ningechukua vyote: boksi lililojazwa vizuri libaki garini, na kijimfuko cha ukubwa wa kiganja kiandamane na anayewafuata watoto, kikiwa na plasta (hapa ndipo zile nyingi zinapopata kazi), shashi mbili, utepe na maji. Mtoto aliyejikwaruza goti hasubiri uende garini.

Vyovyote utakavyochagua, usiku kabla ya safari zima taa, mpe mfuko yule mtakayekwenda naye, mwambie akupe shashi. Wa kwangu mara ya mwisho alinipa kibano, akachekelea, akapapasa tena. Tukahamisha shashi kwenye mfuko wa mbele kabisa, zipu ya nje, tukafunga kamba nyekundu kwenye zipu hiyo.